Nyumba ya Mulango Moja

Siku ya pili, 4 mwezi wa munane 1953

Nimekawia. Tangu Pasaka sikuandika hata neno, na ninaomba musamaha, sijui kwa nani. Kwangu mwenyewe, basi. Veronika alizaliwa, akakohoa, akaota jino, akakohoa tena. Alubeti alijifunza kukimbia. Mimi nilijifunza kulala nikiwa nimesimama.

Leo kama kila siku ya pili: musitari wa kupima batoto. Baridi ya kipwa, miezi isiyo na mvua, moshi ya shaba inatembea chini chini kama muntu anayetafuta kitu. Veronika alilia ku mizani. Nikarudi, nikafua, nikapika sombe ya majani ya muhogo. Hayo njo maisha. Sasa habari yenyewe.

Mama anakuja. Barua ilifika juzi, imeandikwa na katekista ya kule kwetu kaskazini. Karatasi yake ya njia inamuruhusu kushuka na treni ya siku ya posho, kukaa siku ya Mungu, ya misa, na kurudi na treni ya siku ya kwanza. Basi. Hajamuona Alubeti hata mara moja. Veronika, jina lake tu njo analijua.

Na hapa mu kampi ya bantu ba shaba hawezi kulala. Si shefu ya kampi anayekataza. Ni bukwe. Nyumba yetu ni chumba kimoja na jiko, na kwetu mwanaume na mama ya bibi yake habaonani, habasemezani, mupaka mama amupikie kuku kwa mukono wake. Kuku anatoka kwa mukwe, moto unatoka kwa mama. Tulipooana Mama alikuwa mu matanga ya Baba, moto haukuwashwa. Donati akanichukua, tukaja huku Elizabetvili. Tangu hapo bwana yangu na mama yangu banatumiana salamu kupitia mimi, kama posita.

Na katika barua Mama ametangulia kusema: hatamupikia mu nyumba ya kupanga. Moto ya kuazima si moto. Atamupikia kwake, siku tutakapoenda. Hiyo siku naijua mimi? Congé ya Donati, likizo yake, inajulikana na Mungu na ofisi.

Kwa hiyo tunatafuta nyumba. Nje ya kampi, karibu, kwa siku ya posho na siku ya Mungu. Nimemueleza Donati yote. Alisema neno moja: sawa. Akalala. Alitoka kazi ya usiku.

Siku ya tatu, 5 mwezi wa munane

Nimetembea mupaka nyayo zinawaka. Veronika mugongoni, Alubeti mukononi, Mama Odila mbele. Mama Odila ni jirani yetu, Mubemba, anajua kila nyumba, na mudomo wake hauna congé hata kidogo.

Tulifuata njia ya Kasenga, ile kamiyo za muzigo za Kasomeno zinapita, mupaka bustani zinapoanza. Nyumba ya kwanza ni ya Muzee Salumu, fundi ya nguo, muntu ya Maniema. Matofali. Bati. Barza ya simenti, madirisha ya mbao, chokaa nyeupe. Nzuri sana. Mulango moja.

Niliizunguka kutafuta mulango ya nyuma. Nikaizunguka tena. Nyuma ni rundo la matofali tu, yale yaliyobaki. Muzee Salumu akauliza nimepoteza nini. Mama Odila akamujibu: "Huyu hatafuti nyumba, muzee. Anatafuta mulango." Bakacheka. Na mimi nikacheka. Nilitaka kulia.

Ya pili ni ya mujane wa muntu ya makala, kando ya muto. Bibanda bibili bya udongo, bimepeana mugongo. Mulango moja unatazama maji, ingine unatazama njia. Mama angetoka huku, Donati kule, hata bivuli bisikutane. Majani ya juu yamechoka, kuku zinaingia zinavyotaka, chini kuna funza. Lakini ni kama Mungu alijenga akifikiri bukwe. Tayari nilikuwa nafagia kwa macho. Nikamuambia mujane nitarudisha jibu.

Siku ya ine, 6 mwezi wa munane

Donati amechagua. Ya Muzee Salumu.

Hakwenda kuiona. Bamekutana sokoni, bakaelewana palepale. Nikamuambia mulango ni moja. Akasema: "Mama ya bibi yangu alale mu majani na kuku? Batanicheka mupaka kwenu." Yeye atalala ku barza, akasema, hata kichwa hataingiza. Nikamuuliza, na Mama atatoka wapi? Akavaa viatu ya kazi.

Ninajua anataka kumuheshimu. Hiyo njo inaniumiza. Angekuwa muntu mubaya ningejua la kusema.

Siku ya tano, 7 mwezi wa munane

Shefu ya kampi ametoa ruhusa, mupaka asubui ya siku ya kwanza. Nimefunga blanketi, sufuria, unga. Mikono inafanya, kichwa iko mahali pengine. Mujane wa kando ya muto labda bado anangojea jibu. Sina wa kumutuma.

Siku ya posho, 8 mwezi wa munane

Mama amekuwa mudogo. Nilimutafuta mu treni mule mule alimokuwa. Hakunisalimu, alinyoosha mikono akamufungua Veronika mugongoni mwangu, akamunusa shingo, akafunga macho. Halafu tu akasema, umekonda.

Kamiyo ya Kasomeno ilitupandisha. Donati alikuwa ametangulia na velo, baiskeli yake. Aliposikia kamiyo inasimama, akakimbilia nyuma ya nyumba, yeye muntu munene hivyo, kama anayeiba mahindi. Mama akajifunika kichwa, akaingia. Akasifu bati. Akasifu simenti. Akakaa.

Na tangu hapo amekaa.

Donati amerudi ku barza, sababu pengine pa kukaa hakuna, upepo ni mukali. Amegeuzia mulango mugongo. Mama yuko ndani. Akitaka kwenda haja, naenda kumuambia Donati, Donati anaenda mupaka barabarani, anasimama na sigara, Mama anatoka, Mama anarudi, naenda kumuita Donati. Siku nzima ninamufukuza bwana yangu kama mbuzi. Sahani ya bukari yake napeleka nje, ya Mama ndani. Mangaribi Mama akaniuliza, na sauti haikuwa ya chini: "Yule mwenye kukaa ku mulango, anangojea posho?"

Mabega ya Donati yalitikisika. Sijui kama ni baridi.

Kila mumoja anamuheshimu mwenzake. Heshima yao itaniua mimi. Lakini Mama amemuogesha Veronika na maji ya moto, amemupaka mafuta mupaka ku vidole. Alubeti anamuita Kambo, mama ya mama, kama alizaliwa na neno hilo mudomoni. Hilo hakuna muntu atalitoa.

Siku ya Mungu, 9 mwezi wa munane, mangaribi

Nitaandika haraka.

Alfajiri Mama alitaka kwenda haja, hakutaka kuniamusha. Hakutaka pia yule afukuzwe mu baridi. Akafungua dirisha ya nyuma. Mama yangu, mwenye wajukuu, akapanda dirisha. Chini kuna yale matofali.

Nilisikia kishindo, halafu kimya, na kimya njo kiliniogopesha. Nilimukuta amekaa, muguu umepinda vibaya. Nikajaribu kumuinua. Ni mwepesi kama kuni na sikuweza. Veronika analia ndani, Alubeti analia sababu Veronika analia. Majirani bote bamekwenda misa. Nikamuita Donati.

Akaja mbio mupaka kona ya nyumba. Hapo akasimama, kama kuna ukuta. Mama alijificha uso na mikono, anasema, asije, asije. Na yeye haji. Mikono yake imefunguka mbele yake, mikono inayobeba shaba kila siku, haina kazi. Nami katikati. Sijawahi kuwa bure kama vile.

Kisha kitu ndani yangu kikachoka. Nikaleta blanketi.

"Mama, nitakufunika. Hutamuona, hatakuona."

Akakataa. Nikamuambia: "Hapa leo mimi njo mama. Nyamaza." Sijawahi kumusemesha vile tangu nizaliwe. Akanyamaza. Nikamufunika kutoka kichwa mupaka miguu, nikamuambia Donati aje akitazama juu. Akaja anatazama bati. Nusu ajikwae yeye pia ku matofali. Akainama, akamubeba.

Sauti ikatoka mu blanketi: "Muambie yule asiniangushe. Mifupa yangu si shaba."

Donati hakumujibu yeye. Alinigeukia mimi, jasho linamutoka mu baridi ile. "Muambie Mama, shaba nimebeba nyingi. Ya kusema, hii njo ya kwanza."

Blanketi ikatulia. Halafu ikaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, halafu kweli akalia.

Tulimukalisha nyuma ya velo. Donati anasukuma na kutazama mbele, mimi ninamushika ubavu, Veronika mugongoni, Alubeti anavuta kikwembe changu kiunoni. Njia ya dispanseri ilikuwa imejaa bantu ba kutoka misa. Bakatupisha. Bamefikiri ni maiti. Muzee moja akavua kofia. Mama akakohoa. Muzee akairudisha kofia, polepole sana.

Siku ya kwanza, 10 mwezi wa munane

Mufupa umepasuka kidogo. Sista ya dispanseri ameufunga na vijiti na kitambaa, akaandika ku karatasi ya Mama kwamba hawezi kupanda treni mupaka upone. Akapiga kashe, muhuri ya dispanseri. Treni imeondoka. Tuliisikia kutoka hapa, inalia ku daraja.

Nimefurahi. Niandike hivyo hivyo. Mama yangu amevunjika na mimi nimefurahi. Siku zile nisingezipata hata kwa kumupigia shefu magoti, muguu wake umezipata. Mungu anisamehe, sitarudia kusema.

Muzee Salumu ametuachia nyumba mupaka siku ya posho. Anasema anaona haya ya dirisha lake. Donati ameniombea ruhusa nibaki. Kabla ya kwenda kazi alizunguka nyumba peke yake. Nikamuona ameweka kiganja ku ukuta ya nyuma, pale mulango ungekuwa. Nilikuwa na maneno mengi. Nikamufungia bukari yake ya njia.

Siku ya pili, 11 mwezi wa munane

Leo ni siku ya kupima, hatukwenda. Donati amerudi kampini kwa kazi, atamueleza sista ya kule.

Asubui nzuri. Moshi haifiki huku. Veronika amekohoa kidogo tu. Mama amekaa ku mukeka pale pale mulangoni, muguu juu ya gunia, jua usoni. Hakuna wa kumukimbia, sasa yeye njo mwenye mulango. Alubeti anamuletea majiwe, anapokea moja moja, anashukuru kila moja.

Akaniuliza yule amepata baridi zile siku ku barza? Nikasema alikuwa anapiga chafya. Akamumenyea Alubeti karanga. Halafu bila kunitazama:

"Anapenda na mafuta ya mawese ao na karanga?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa, ni kuku ya bukwe. Nikamukumbusha barua yake, moto ya kuazima si moto.

"Mafiga ni matatu kila pahali," akasema. "Nitapika nimekaa. Usiku wote ule alikuwa anahema mulangoni, nikawa namuhurumia. Na alinibeba bila kuniuliza uzito."

Mama Odila atapita kesho kutuona, atarudi kampini na maneno yangu. Nayaandika hapa nisisahau hata moja. Donati atume:

Sabuni ya kipande.
Chumvi.
Kijiko kidogo cha Veronika, kiko juu ya sanduku.
Shati ya Alubeti ya joto.
Blanketi ingine. Hii Mama hataki kuirudisha.
Sahani nyeupe, ile ambayo haijatumika.

Kuku asitume. Jike, muzima, miguu ya kufungwa. Huyo alete yeye mwenyewe siku ya posho, mbele ya saa sita, na apige hodi ku mulango.