Miche ya Kumfurahisha Mama Watoto

Jumatatu, 4 Machi
Mgomba wa tatu umenyauka. Majani ya chini yameiva manjano kuanzia ukingoni, yakavunjika kwenye kikonyo, sasa yanalizunguka shina kama sketi chakavu. Jani la juu bado kijani, limesimama peke yake. Nilijiambia ni kiu. Nimemwagilia wiki nzima — na mvua inanyesha! Kujidanganya huko.

Mama watoto alipiga simu saa saba, kutoka kwa binti yetu. Migomba yangu haijambo? Nikasema haijambo. Pacha mmoja akalia, simu ikakatwa. Dakika mbili, pengine hazikufika.

Alhamisi, 7 Machi
Bibi shamba, afisa kilimo wetu, amekuja na pikipiki. Umri wake sawa na binti yetu, ila mkono wake kwenye panga si wa kubahatisha. Alikata shina karibu na udongo, akaniita nitazame. Ndani kuna mapete ya kahawia yenye wekundu, kama chai iliyomwagikia kitambaa cheupe. Akaminya, akasubiri. Hakukutoka kitu. Akasema ungetoka usaha wa manjano ingekuwa ugonjwa mwingine. Huu ni mnyauko wa kuvu. Unakaa udongoni, unaingia kwa mizizi, unaziba njia za maji. Mgomba unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope.

Niliuliza dawa.

"Hauna dawa, baba. Mtu akija kukuuzia, mfukuze."

Kazi aliyoniachia: kung'oa yote iliyougua na iliyo jirani nayo. Vipande vibaki palepale. Jembe, panga na mabuti vioshwe udongo, kisha vitiwe dawa ya kutolea madoa. Mche hata mmoja usitoke hapa. Na ndizi sukari zisirudi kwenye udongo huu. Niliuliza mpaka lini. Akasema yeye atakuwa amestaafu.

Kisha akatembea mpaka mtaroni, mstari wa mwisho, ulikoanzia ugonjwa. Miche hii niliitoa wapi? Nikasema sikumbuki. Alinitazama kidogo, akaandika kitu.

Nakumbuka vizuri sana.

Ijumaa, 8 Machi
Niandike, maana hakuna wa kumwambia.

Mama watoto alikwenda kumsaidia binti yetu alipojifungua pacha. Miezi miwili, alisema. Huu ni mwaka na miezi miwili. Mwezi ule wa kwanza nyumba ilinishinda. Nikawaza: pale patupu kando ya mtaro, akirudi akute pamejaa. Akapita mtu na mkokoteni, simjui, ana miche ya ndizi sukari kama za mama watoto. Minene, mizuri. Nikachukua kumi.

Yeye alikuwa na msemo wake: mche usiojua mama yake usiuingize nyumbani. Mimi nikicheka.

Jumapili, 10 Machi
Mwalimu amekuja kwa drafti kama kawaida. Amestaafu miaka sita lakini bado ananisahihisha hata salamu. Shamba lake liko ng'ambo ya mtaro, naye ana ndizi sukari. Wiki tatu zilizopita aliliazima jembe langu, likalala kwake. Nikaona nikinyamaza leo, kesho sitaweza kumtazama.

Nilimwambia kabla hatujapanga kete. Alisikiliza bila kunikatiza, macho yake yakashuka kwenye mabuti yangu mlangoni. Alishukuru kwa kuambiwa. Hakupandisha sauti.

"Tusalimiane kwa mbali kidogo, ndugu yangu. Mpaka tujue."

Akatoka kwa kupita katikati kabisa ya njia, akikwepa udongo wa pembeni. Drafti yake ameiacha mezani. Kete ishirini na nne. Nilizipanga, nikacheza pande zote mbili. Nilishindwa.

Jumatano, 13 Machi
Mgongo! Mashina kumi na tisa chini, pamoja na ya mstari ule wote. Shina la mgomba ni maji matupu, lakini tunguu lake chini limeng'ang'ania kama mdai. Unachimba, unakata, unachimba. Mengine yana mikungu michanga. Nilianza kuyaomba radhi, kisha nikaona aibu, kisha nikaendelea tu, nani ananisikia.

Mwalimu alipita ng'ambo. Tulipungiana mikono. Aliuliza kwa sauti kama nimekula. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 16 Machi
Mama watoto amepiga, leo ana furaha. Mkwe wetu amepata kiwanja kina nafasi nyuma. Anataka miche ishirini ya ndizi zake. Dereva wa lori atapita Jumatatu mchana kuichukua. Nichague isiyo na majani mapana, nikate mizizi kama alivyonifundisha.

Nikasema sawa.

Nikasema sawa! Ulimi huu. Nimezunguka mashina yaliyobaki. Machipukizi yapo, ya kupendeza, huwezi kuyadhania lolote. Ningeweza kumpelekea na asingejua mpaka mwakani. Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini hii ingefika mpaka kwa mkwe.

Jumapili, 17 Machi
Nilimpigia dereva, asipite. Akauliza mzigo haupo? Nikasema haupo. Mama watoto nilishindwa kumpigia. Mara mbili nilishika simu. Nimefua mashuka badala yake.

Jumatatu, 18 Machi
Nimempigia saa nne kasoro robo. Nilisimama, kama niko mbele ya hakimu. Nikamweleza yote: sketi ya majani, mapete ya kahawia, kumi na tisa chini, Mwalimu. Na mkokoteni. Hapo nikangoja anigombeze. Ana haki. Migomba ya zamani aliipanda yeye, kabla binti hajazaliwa.

Hakunigombeza. Nilisikia pacha wakinyang'anyana kitu nyuma yake, na maji yakitiririka.

"Kwa nini ulitaka kupajaza pale?"

Nikasema nilitaka ukirudi ufurahi.

Maji yakafungwa.

"Baba watoto," akasema, taratibu, kama anamwamsha mtu, "nani alikwambia narudi?"

Nadhani mwenyewe alishtuka kujisikia. Kisha akasema uji unamwagika jikoni, atapiga akimaliza.

Sasa saa kumi. Mashina nane ya mstari wa kati bado hayajang'olewa, na bibi shamba anakuja kesho kukagua. Jembe liko ukutani. Lakini nikianza, mikono itajaa tope na dawa, na simu ikiita sitaweza kuishika. Nimekaa tu ndani, mikono misafi.