Njia Iliyo Kimya

Tarehe 3 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na kifua cha Mama kimepunguza kubana. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kompyuta kutwa.

Umeuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa. Naandika mwongozo. Kampuni yetu ina programu ya kusimamia kuta za mtandao, yaani mageti ambayo kila ujumbe wa kompyuta hukaguliwa hapo kabla ya kupita. Zamani mafundi ndio waliofungua na kufunga njia. Sasa kazi hiyo wanapewa mawakala wa akili bandia, programu zinazofanya kazi zenyewe, na hao ndio wasomaji wangu. Hawaombi likizo wala hawacheki vichekesho vyangu. Nikiandika "funga", wanafunga, hawanyanyui kichwa kuuliza.

Wewe umekaa getini miaka thelathini na moja. Mlinzi mgeni ungemfundisha nini kwanza?

Kitinda mimba wako


Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mama yako anakohoa lakini ulimi wake ni mzima, leo asubuhi amenigombeza kwa ajili ya chumvi. Umefanya vizuri kuandika, maana masikio yangu na simu hayapatani tena.

Mlinzi mgeni aanze kwa kuuliza: geti hili la nani, la nini. Unalikumbuka geti la nyuma la kiwandani? Miaka minne hakupita hata paka. Meneja mpya akataka lichomelewe, eti linakula kutu bure. Nikamkatalia mbele ya watu, ndipo wakanibandika jina la Komeo, mimi niliyekataa kufunga. Siku chumba cha rangi kiliposhika moto, watu sitini walitokea pale, na meneja alikuwa wa mbele.

Waandikie hivyo hao wageni wako. Na ule vizuri, Mama yako anasema kwenye picha umekonda.

Baba yako, Komeo


Tarehe 11 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Tangu uniandikie kwamba amelazwa na anapumua kwa mashine, sina raha. Nitakuja mwongozo ukishapokelewa.

Sentensi yako nimeiweka: "Kabla ya kufunga njia iliyo kimya, muulize mwenye nayo ni ya kazi gani." Mkuu wangu aliuliza nimeitoa wapi, nikamwambia kwa mtaalamu wa mageti.

Halafu kuna hili. Hospitali aliyolazwa Mama imenunua programu yetu. Mwongozo huu utafanya kazi hata hapo alipo. Kwa hiyo usijitese kukesha kwenye kiti. Mashine yake ikiona tatizo, ujumbe unapita mtandaoni na kengele inalia mezani kwa nesi. Nenda nyumbani ulale.

Kitinda mimba wako


Tarehe 29 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Tangu uondoke baada ya mazishi nyumba imekuwa kubwa. Napika chai ya wawili, nakumbuka ikishachemka.

Jana nesi aliyekuwa zamu siku ile alikuja kunipa pole, akalia mpaka nikamletea maji. Anasema mashine ya Mama yako ililia pale kitandani, lakini mlango wa chumba namba sita hukaa umefungwa, na yeye alikuwa mezani kwake mwisho wa korido. Kengele ya mezani haikulia. Chumba hicho kilikuwa tupu tangu Januari, Mama yako alihamishiwa humo siku tatu tu kabla.

Mimi nilikuwa nyumbani nimelala, saa nane mchana. Nilijiambia kengele ipo, na mwanangu ameiweka ile sentensi.

Wewe unazijua mashine hizi. Niulizie imekuwaje. Sitafuti ugomvi na mtu, nataka kujua tu.

Baba yako


Tarehe 9 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimeichana barua hii mara nne.

Nimefungua kumbukumbu za programu. Njia ya kengele ya chumba namba sita, kutoka kitandani hadi mezani kwa nesi, ilifungwa na wakala tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi. Sababu aliyoandika ni kwamba ilikuwa kimya kwa siku tisini. Kengele haipitishi ujumbe mpaka mgonjwa azidiwe, na chumba hakikuwa na mgonjwa. Mwongozo wangu unasema njia iliyo kimya siku tisini ifungwe, na wakala aliufuata neno kwa neno.

Sentensi yako haikuwemo. Mwongozo ulitakiwa usizidi maneno mia nane, na siku ya kuutuma nilikuwa nimezidisha kumi na mawili. Nikaifuta yako. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kupunguza utangulizi, lakini niliupenda jinsi nilivyouandika. Kisha nikakuacha uamini kwamba ipo.

Mkuu wangu anajua, na hospitali nimewaandikia. Sentensi imerudishwa. Wewe nimekuambia mwisho kwa sababu wewe ndiye ninayekuogopa. Niruhusu nije.

Mwanao


Tarehe 2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu si mbaya. Barua zako tatu za baadaye sijazifungua, zimo kabatini pamoja na nguo za Mama yako. Ile ya Juni nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Nina hasira na wewe. Sijui itaisha lini na sitakudanganya. Nikikaa najiona nimelala siku ile, na ni wewe uliyeniambia nilale. Usije sasa.

Geti letu la nyuma, ulilokuwa ukipitia ukitoka shule, limeota nyasi mpaka kwenye komeo. Juzi jirani alikuja na mnyororo na kufuli, akasema halipitwi na mtu, tulifunge. Nikamwambia aliache, hilo ni la binti yangu.

Baba