Nilisema Soudure Ni ya Sylvain

Yaya Christiane mupendwa, dada mukubwa wa basomaji bote ba gazeti, ninakuomba unisaidie mbele Siku ya Mungu, siku ya misa, ifike, juu siku ile bwana yangu atapatia muntu mwingine atelier yetu, kibanda yetu ya kazi, na kosa ni ya mudomo wangu mwenyewe.

Bwana yangu Adalbert iko soudeur hapa Naviundu, anaunga chuma na moto, anatengeneza milango mu lupango yetu, mu kiwanja ya nyumba, na miaka yote alikuwa anapiga soudure bila masque ya kufunika macho, anafunga tu jicho moja, mpaka macho ikaanza kumuuma sana, na muganga akamukataza kukaribia ule mwanga, akisema akipumuzika atapona lakini akirudilia atakuwa kipofu. Nilimushukuru Mungu, lakini tutakula nini, na mulango ya mama moja wa Bel-Air ilikuwa imebakia nusu. Nikamuomba anifundishe. Akacheka, akasema bibi yake hatashika poste, ile mashini ya soudure, mbele ya bantu ba barabara yote, kama vile yeye ameshakufa.

Mi niko kichwa nguvu, nikaenda kwa Clotilde, rafiki yangu wa kwaya, mwenye anafanya soudure upande wa Kasapa. Kwanza baguette, kile kijiti cha chuma chenye kinayeyuka, ilikuwa inanata sawa bukari, ugali yetu, ku chungu, ninavuta, ninavuta, poste inanguruma, na Clotilde ananiambia nisichome sawa sindano, nikwaruze tu kama muntu anawasha kiberiti, kiisha nipandishe mukono kidogo sana. Nikapandisha mingi, moto ikatawanyika, nikatoboa chuma. Nikatoa masque ili nione muzuri, na jioni macho ikaniwaka sawa imejaa muchanga, nikamuambia Adalbert ni vitunguu. Lakini siku moja nikasikia sauti inabadilika, inatulia, sawa vile mafuta inalia wakati mikate inaiva, na mi ninauza mikate, ile sauti ninaijua, basi nikaifuata na masikio. Clotilde akagonga ganda nyeusi ya juu na nyundo, chini yake mustari ikatokea muzuri, hakuna tundu. Yaya, nililia.

Nikamaliza mulango ya Bel-Air wakati Adalbert alikuwa ku hospitali juu ya macho. Aliporudi akapitisha kidole ku kila kiungo, akagonga, akauliza: "Nani amefanya hii?" Woga ikanishika, nikasema ni Sylvain, kijana mwenye yeye Adalbert alimufundisha kazi zamani. Sasa Adalbert anaimba, anakula muzuri, anasema Sylvain amekuwa fundi wa kweli, na Siku ya Mungu kiisha misa atamuita amupatie lufungulo ya atelier, akae humo sawa patron. Nikisema kweli, nitamupatisha haya. Nikinyamaza, kazi yangu inaenda. Nifanye nini?

Mama Léa, Naviundu

Mudogo wangu Mama Léa,

Pole, lakini nitakugombeza pia. Barua yako ilinifikia wakati Siku ya Mungu ilikuwa karibu, sikuweza kungoja gazeti itoke, nikakupigia simu. Basomaji bengine basikie kile nilikuambia.

Unamudanganya mugonjwa, unamubebesha Sylvain sifa hakuomba. Angefika, angeulizwa juu ya mulango hajaona hata siku moja, na haya ingewapata ninyi bote batatu. Na kutoa masque, mudogo wangu, unawaza nini? Mmoja ameshaumia macho, unataka mubakie wawili munashikana mikono kuvuka barabara?

Kiisha nikakuambia usianze na maneno. Umuwekee kiti, mugongo ku mwanga, kitambaa ku macho, umuombe asikilize tu, na wewe uvae masque, upige mustari moja. Soudeur wa miaka mingi hana lazima ya kuona, sauti inamutosha.

Ulinipigia kiisha, unacheka na unalia. Ulisema alisikiliza mpaka mwisho wa mustari, kiisha akasema: "Ku mwisho unakimbia, Mama Léa. Rudilia." Ukarudilia. Akauliza kama ile ya Bel-Air pia ni wewe. Ukasema ndiyo. Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema alikuwa ameshaanza kumuonea Sylvain wivu. Siku ya Mungu ikapita, hakuna muntu aliitwa. Nami nikapumua, juu woga yangu ilikuwa inapita yako.

Sasa sikiliza vile vinabakia. Uende kwa Sylvain wewe mwenyewe, umuelezee, mbele hajasikia ku barabara. Yule mama wa Bel-Air naye umuambie ni nani alimumalizia mulango, bila kuona haya. Baguette uziweke pakavu, mvua ikizipiga hazitawaka muzuri. Masque usitoe tena, hata kwa kuchungulia kidogo.

Na bwana yako, siku moja mukono utamuwasha. Atakuja pole pole, atakuomba umuachilie kidogo tu, mustari moja, ya mwisho, na atakuomba na maneno matamu yenye hujayasikia tangu ndoa. Umukatalie. Yeye alikukatalia juu ya bantu ba barabara. Wewe umukatalie juu ya macho yake.