Niliiita Kazi ya Dada "Hodgepodge"

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa sababu kichwa changu kimevurugika na kila ninayemuuliza anakivuruga zaidi. Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu ni kupanga mafaili, na dada yangu mkubwa ni fundi cherehani ambaye pamoja na kushona nguo za watu hutengeneza matandiko ya kitanda kwa vipande vya nguo kuukuu, na usidhani anaunganisha tu kinachomjia mkononi, hutandaza vipande sakafuni wiki nzima, sisi tunapita kwa kuruka kama tunaovuka matope, anavihamisha kimoja kimoja mpaka rangi nzito zikae pembeni na nyepesi zikutane katikati. Huyu ndiye aliyeacha shule mama alipougua, akashika cherehani ili mimi nisome, kwa hiyo jambo lolote la Kiingereza nyumbani ni langu, na mimi, acha nikiri, nimezoea kuonekana najua kuliko ninavyojua.

Mwezi uliopita kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa mji, na baadhi ya wanunuzi walikuwa wageni wasiojua Kiswahili, dada akaniomba niandike kadi ya Kiingereza ya kuweka mezani, ieleze kwamba tandiko lake kubwa limechanganya nguo za familia nzima, gauni la mama, ovaroli ya baba, sare zangu za shule. Nikafungua kamusi kutafuta mchanganyiko, maneno yakanimwagikia, "mixture", "assortment", "medley", "miscellaneous", "hodgepodge", na kila moja ukilitazama maana ni ileile, mchanganyiko, mchanganyiko. "Mixture" niliiona ya dawa ya kikohozi, "miscellaneous" ndilo jina la faili letu ofisini tunalotupia barua zisizo na kwao, nikachagua "hodgepodge" kwa sababu lilinifurahisha mdomoni, lilisikika kama jina la utani la mtoto mnene.

Nilifika ukumbini mchana nikitoka kazini, dada akanisimulia kwamba mama mmoja anayenunulia hoteli matandiko alilishika lile kubwa kwa mikono miwili, akaligeuza nyuma na mbele, kisha akasoma kadi, akacheka kidogo, akaenda meza ya pili na kuagiza huko. Dada alipokwenda kunywa maji, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiuza vikapu karibu yetu akanisogelea na kuuliza, "Aliyeandika kadi hii ana ugomvi na fundi?" Akanieleza kwamba neno lile husemwa kwa vitu vilivyorundikwa bila mpango, kama droo ya jikoni yenye misumari, uzi na betri zilizokufa. Nikaitia kadi mkobani, na dada aliporudi nikamwambia imepeperushwa na feni.

Sasa yeye ameamua kosa ni la mikono yake, anasema amezeeka, macho hayaoni tena mistari, na tangu juzi analifumua tandiko lile kwa wembe, ameshafika kwenye gauni la mama. Mwenzangu wa ofisini anasema neno halina ubaya, watu hulitumia kwa utani na mapenzi, mwalimu anasema ni aibu, na dada mwenyewe anataka kadi nyingine kwa maonyesho yajayo nami kalamu imenigomea. Nimwambie, au niandike kadi nzuri kimya kimya mambo yaishe?

Mdogo wake fundi, niliyechanganyikiwa

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mdogo wangu. Tumalize maneno kwanza maana hayo ndiyo mepesi. Mwalimu yuko sawa, na mwenzako yuko sawa. Mtu akiliita kabati lake mwenyewe "hodgepodge" anajitania, na wote hucheka. Ukilibandika neno hilohilo kwenye kazi unayotaka mgeni aiheshimu, unamwambia imerundikwa tu. "Assortment" ni vitu vya aina mbalimbali vilivyowekwa pamoja, kama biskuti ndani ya kopo. "Medley" hupatana, kama nyimbo zinazopokezana. Maana unaipata kwenye kamusi, lakini namna watu wanavyolitumia neno, unawauliza watu. Na kazi ya dada yako ina jina lake la kifundi, "patchwork", yaani kuunganisha vipande vya nguo, wala hukuwa na haja ya kutafuta mchanganyiko popote. Ungeandika gauni la mama, ovaroli ya baba, sare za shule, ukaweka nukta.

Sasa tuje kwako. Kukosea neno, nani hajakosea? Lakini feni, ndugu yangu, feni imekukosea nini? Hiyo hukuitoa kwenye kamusi. Unaogopa dada asije akajua kwamba Kiingereza chako kina matundu, na yeye kila asubuhi anaitazama mikono yake akiamini imekwisha. Weka hayo mawili kwenye mizani kisha uniambie nani anaumia. Kadi mpya bila kusema ukweli haitamponya, itakuponya wewe.

Wala sijui kama yule mnunuzi aliondoka kwa sababu ya kadi. Huenda meza ya pili ilikuwa na rangi anayoipenda. Na wewe hujui. Mwambie dada unachokijua tu.

Niliomba namba yako kwa mhariri nikakupigia simu siku ileile niliyoisoma barua kukuhimiza umwambie, kwa sababu dada anafumua na gazeti hutoka mara moja kwa wiki. Ukanijibu kwamba bado unatafuta maneno ya kuanzia. Chukua haya, yote ni ya Kiswahili: "Dada, kadi niliiandika vibaya, nikaificha, nikakudanganya. Kazi yako haina kosa." Mpe kadi mkononi, umweleze neno lile lina maana gani. Kisha nyamaza. Akikugombeza, acha akugombeze mpaka achoke, usijitetee hata kidogo. Akinyamaza, vuta kiti, tunga uzi kwenye sindano, umuulize muanze kurudishia vipande wapi.