Jibu Nililoandika Ubaoni

Ijumaa jioni, Kisesa. Mvua imekatika, njia ni matope matupu, nami naogopa. Kesho ni Uhuru. Kila nyumba wanapika na kuimba, mimi hata chai imenishinda.

Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa.

Wiki mbili zilizopita Masanja, mdogo wake mke wangu, alikimbia maili moja kwa dakika tano. Kesho anashindana maili kumi, kutoka hapa mpaka Mwanza mjini. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wakaniuliza atatumia muda gani. Mwalimu mzima nikashika chaki: maili moja dakika tano, basi maili kumi dakika hamsini. Wakapiga makofi. Kufika Jumapili mama mkwe alishatangaza kanisani. Nami, kichwa kimevimba, nikamwazima Masanja saa yangu ajipime kila jiwe la maili.

Kana kwamba mtu hachoki!

Leo asubuhi akasema lazima ajaribu kwanza. Nikamfuata kwa baiskeli. Maili ya kwanza, dakika tano kamili. Ya tatu, karibu sita. Alipoona saa inamwacha akazidisha mbio, nami sikumzuia. Maili ya saba akaanguka kando ya shamba la pamba, macho yamegeuka, hanijui. Nilimmwagia maji ya dimbwi kwa kofia yangu huku nalia.

Alipopata fahamu akasema, "Nisamehe shemeji, nimeiharibu hesabu yako. Kesho nitaifikia, hata nikifa."

Nikanyamaza.

Ndiyo, nilinyamaza! Niliogopa wanafunzi, niliogopa mama mkwe, niliogopa kuitwa mwalimu asiyejua hesabu. Nikamwambia tu apumzike. Mke wangu ananiuliza mbona sili, nasema tumbo linauma. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini haya maradhi nayaficha mimi, na atakayekufa ni ndugu yake.

Hapana. Baiskeli iko mlangoni na jua bado lipo. Naenda kwa mama mkwe sasa hivi, niseme mbele ya wote kwamba jibu la ubaoni ni kosa, na aliyekosea ni mimi. Saa yangu nitaichukua. Kesho Masanja akimbie kwa kadiri pumzi zake zinavyomruhusu, hata akifika wa mwisho.

Na akikataa kuivua saa hiyo?