Theluji ya Magadi

Mdogo wangu Wendell,

Salamu zako nimezipata. Unauliza kama barabara za huku Vermont zitapitika Jumamosi, ili ulale kwangu ukielekea kwenye maonyesho ya treni za kuchezea. Mzee mzima na mvi zako! Theluji imefika madirishani, paka amegoma kutoka. Jirani yangu Orrin, anayeondoa theluji barabarani kwa trekta, kacheka: "Mwambie aje na kitreni chake, labda kitapita."

Lakini najua utakuja. Desemba iliyopita, Mama akiwa mahututi, akikuulizia kutwa, theluji haikuvuka kifundo cha mguu. Ukasema, "Dada, gari litateleza." Kumbe gari lako linaogopa wagonjwa tu.

Picha uliyonitumia ya mfano wa mji wetu ulioujenga kwa mbao na gundi nimeiona. Theluji yake ni unga wa magadi, haimfungii mtu njia. Na yule bibi wa plastiki mwenye koti jekundu la Mama, umemsimamisha stesheni peke yake, anatazama reli.

Hapo umepatia, Wendell. Ndivyo alivyokungoja.

Mimi dada yako, nisiye na kitanda cha wageni,
Marcia