Kumtafutia Mama Pikipiki ya Vitani

Mtaa wa Larkfield 17,
Coventry.
9 Novemba 1993

Mpendwa kaka Desmond,

Hujambo wewe na wifi yangu Lorna? Joto la Perth linawatendaje? Huku tu wazima, ingawa baridi imeniingia magotini. Kinachoniumiza zaidi ni hasira, na hasira hiyo umeniletea wewe.

Ni wewe uliyeandika kwamba, kwa kuwa mama hasemi tangu baba afariki, tumnunulie pikipiki ndogo ya plastiki ya kuunganisha, mfano wa ile aliyoendesha alipokuwa tarishi wa jeshi la majini. Eti atafunguka. Ni rahisi kusema ukiwa ng'ambo! Umewahi kuingia duka la vitu hivyo? Rafu nzima ni pikipiki za vita. Muuzaji, Bwana Pargeter, aliniuliza mwaka, injini, na vipimo. Nikamjibu ninachojua: ni ya Kiingereza, na mama yangu aliipanda.

"Bibi," akasema, "sanduku huja na mpanda pikipiki wa kiume; wanawake hawamo."

Shemeji yako Clive naye akachagua ya Kijerumani yenye kigari cha pembeni, kwa sababu tu ina vipande vingi! Mama aliitazama mara moja.

"Mkwe, hawa ndio waliokuwa wakitulipua Plymouth. Unaniwekea mezani ninapokula?"

Hayo ndiyo maneno yake marefu ya kwanza tangu mazishi, nami sikuweza hata kuyafurahia, maana ilinibidi nirudi dukani. Tukaleta ya Kimarekani, aina kubwa na ndefu. Mama akauliza kama tulitaka aipande kwa ngazi. Nikarudi tena, Bwana Pargeter akaniona na kuvuta pumzi.

Mara ya tatu tukapata BSA, ya Kiingereza hasa. Clive aliketi kuiunganisha Jumapili nzima, jikoni kunanuka gundi, chakula tumekipakata magotini. Akambandika na mpanda pikipiki wake, si mkubwa kuliko kidole changu. Mama akachukua kioo cha kukuzia.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi nilikuwa na masharubu lini?"

Kaka, nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Niliporudi, Clive alikuwa akiyanyoa masharubu kwa wembe, na pua imekwenda nayo.

"Lete hapa, utamchinja!" Mama akampokonya. Mikono ile isiyoshika kikombe bila kumwaga ikachukua sindano na kipande cha nta. Akamfinyangia pua, akamtengenezea kifundo cha nywele chini ya kofia ya chuma.

Alipomaliza akasema, "Huyu ni Edna Tapscott. Siku ya mabomu alitangulia na barua moja, mimi nikafuata na nakala yake, ili mmoja akipotea mwingine afike. Nilifika mimi."

Miaka yote hii, Desmond, sikuwahi kulisikia jina hilo. Wewe je?

Nikamwuliza, "Na wewe uko wapi, mama?"

"Mimi bado hamjaninunua. Tulikuwa kumi na mmoja." Akatutajia wote, akaamuru Clive aandike, akamkaripia kwa hati mbaya.

Sasa zinatakiwa kumi nyingine, na Bwana Pargeter ana mbili tu. Tafadhali pekuapekua maduka ya huko. Za Kiingereza, bila kigari. Usinitumie nyingine yoyote, nitakurudishia kwa meli.

Na ukipiga simu Jumapili, usimwulize afya yake. Mwulize Edna alikuwa mtu wa namna gani, kisha uvute kiti ukae.

Wasalimie Lorna na watoto wenu pacha, Joyce na Neville. Clive anakusalimu, ana gundi hadi nyusini. Mungu awalinde huko mliko, na atupe sisi huku subira.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Glenys